Je, Wajua? Vinia za Meno Si za Kila Mdomo

Je, wajua kuwa vinia za kwanza zilikuwa za kuvaa na kuvua? Mwaka 1928 Charles Pincus, daktari wa meno wa California, aliwabunia waigizaji wa Hollywood vipande vyembamba vya kufunika meno mbele ya kamera. Vilishikizwa kwa unga wa kubandikia meno ya bandia, na wakati wa kula vikabanduliwa. Shirley Temple, nyota aliyekuwa bado mtoto, alivivaa ili watazamaji wasione mapengo ya meno yake ya utoto.

Za leo hazivuliki. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi ikipakwa kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, huichimba vitundu visivyoonekana ambamo gundi hung'ang'ania. Miaka ya 1980 kauri inayotengenezwa vinia nayo ikapata asidi yake ya kuichimba vivyo hivyo, na tangu hapo vinia ya kauri hukaa miaka 10 hadi 15, pengine zaidi.

Je, wajua kuwa enameli ikiparuliwa hairudi? Seli zinazoijenga hufa jino linapochomoza. Ili vinia isionekane imevimba, mara nyingi daktari hupunguza jino kama nusu milimita, na enameli ya jino la mbele yenyewe ina unene wa kama milimita 1 tu, tena karibu na fizi ni nyembamba zaidi. Ukijuta baadaye umechelewa: jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yako yote, na kipande kikichakaa utalipia kingine.

Gundi hushika vizuri kwenye enameli, si kwenye sehemu laini iliyo chini yake. Ndiyo maana jino lililolika sana au lenye kizibo kikubwa halifai. Fizi zinazotoka damu na meno yaliyotoboka hutibiwa kwanza. Anayesaga meno usingizini naye yuko hatarini kuzivunja vinia, na kwa kawaida hajijui. Aulizwe anayelala naye.

Je, wajua kuwa kauri haing'ariki kwa dawa ya kung'arisha meno? Rangi uliyochagua ndiyo hiyo hiyo. Basi anza kwa kung'arisha meno yako mwenyewe. Wapo wanaofika hapo wakaridhika, na vinia hawazitaki tena.

Kwa wenyeji wa Arusha na Kilimanjaro swali la vinia lina uzito wake. Maji ya huko, hasa kuuzunguka Mlima Meru, yana floraidi nyingi, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi hiyo huyatia meno rangi ya kahawia, nayo huingia utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Aliyehamia Arusha mtu mzima haimpati. Kuchemsha maji hakusaidii: mvuke huondoka, floraidi hubaki. Madoa mepesi huweza kusuguliwa na daktari kwa dawa yenye asidi na chembechembe, bila kufunika kitu. Meno yaliyoliwa vishimo na floraidi ndiyo hasa yanayostahili vinia, na mwenye meno hayo simlaumu hata kidogo.

Ukiamua, mwombe daktari akupake kwanza umbo la majaribio juu ya meno yako bila kuyachonga, ujitazame kwenye kioo, ucheke, uongee. Akikuharakishia mashine ya kuchonga, mwage.