Kueleza Picha kwa Maneno: Mfano wa Butembo na Beni

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha zinazowekwa katika intaneti zinavyoandikiwa maelezo ya maneno kwa ajili ya wasomaji wasioona, na matatizo ya lugha yanayojitokeza pale maelezo hayo yanapoandikwa kwa Kiswahili kwa watu wa Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mtu asiyeona hutumia kompyuta au simu kwa msaada wa programu inayosoma skrini kwa sauti. Programu hiyo husoma herufi. Picha isiyoandikiwa neno lolote haina la kusomwa, na aghalabu msikilizaji huambiwa tu kwamba pana picha, au husomewa jina la faili, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana kwake. Ndiyo sababu lugha ya HTML, ambayo kwayo kurasa za intaneti huundwa, ina nafasi maalumu iitwayo alt, ambamo huandikwa maelezo yanayosimama badala ya picha. Nafasi hiyo imo katika kanuni za HTML tangu mwaka 1995. Na shirika la W3C lilipotoa mwongozo wake wa kwanza mnamo Mei 1999, kuhusu kurasa zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, jambo hili liliwekwa mwanzoni kabisa mwa orodha. Faida yake si ya wasioona peke yao. Mtandao ukiwa dhaifu na picha ikashindwa kufunguka, maelezo hayo ndiyo huonekana mahali pake.

Uzito wa suala hili unadhihirika tukikumbuka maradhi ya Ebola yaliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 karibu na Beni, yakaenea Butembo na kwingineko, na kutangazwa kuwa yamekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walifariki dunia. Maradhi hayo yalirudi katika eneo la Butembo mnamo Februari 2021, na Beni mnamo Oktoba mwaka huohuo. Katika hali kama hiyo michoro hutumika sana kufundishia, kwa kuwa inadhaniwa kwamba mchoro hauhitaji lugha. Kwa asiyeona, mchoro hauna kingine ila lugha.

Tuchukue mchoro wa aina inayojulikana: watu wanaosha maiti nyumbani, na juu yao pamepigwa mistari miwili myekundu iliyokatizana. Mwandishi mwepesi ataandika: “Watu wakiosha maiti.” Kila neno ni kweli, lakini ujumbe umepinduka, kwa sababu kilichokusudiwa ni katazo. Mwingine, akitaka kuwa mwangalifu zaidi, ataongeza: “na msalaba mwekundu juu yao.” Hapo msikilizaji ana haki ya kuelewa kwamba waoshaji ni watu wa Msalaba Mwekundu, shirika ambalo kwa hakika wahudumu wake walishughulikia mazishi ya salama wakati wa maradhi hayo. Maelezo yaliyo bora ni mafupi na hayahangaiki na rangi wala mistari: “Katazo: msioshe wala kugusa maiti nyumbani.” Magazeti yetu yamezoea kauli ya -ki- chini ya picha, mathalani “akinawa mikono”, na kauli hiyo inafaa kwa picha ya tukio. Mchoro unaoagiza hauna budi kuandikwa kwa kauli ya kuagiza.

Picha ya tukio nayo ina mitego yake. Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo mgonjwa aliweza kuonwa na jamaa zake waliosimama nje, na daktari aliweza kumhudumia akiwa nje kwa kupitisha mikono katika glavu zilizoshikizwa ukutani. Maelezo yasemayo “mgonjwa kitandani hospitalini” yangefaa kwa hospitali yoyote duniani. Jambo kubwa katika picha hiyo ni ukuta unaopenyeza macho. Wakati huo uvumi ulikuwa mwingi juu ya yale yanayotendeka ndani ya vituo vya matibabu, hata vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa mnamo Februari 2019. Kumnyima asiyeona habari kwamba jamaa walikuwa wakimwona mgonjwa wao ni kumnyima picha yenyewe.

Lipo pia suala la msamiati, nalo ndilo linalowahusu zaidi wanafunzi wa Kiswahili. Wakazi wengi wa Butembo na Beni husema Kinande nyumbani. Kiswahili chao ni cha Kongo, na Kifaransa ndiyo lugha rasmi. Katika Kiswahili hicho munganga ni daktari. Mtu wa Dar es Salaam akiandika “mganga akimchoma mtoto sindano”, mwenzake wa Dar es Salaam huenda akamfikiria mganga wa kienyeji, ilhali msikilizaji wa Butembo hatashangaa hata kidogo. Vivyo hivyo, “mtu anasukuma chukudu lenye magunia ya makala” ni sentensi iliyo wazi Butembo: chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na makala ni mkaa. Msomaji wa pwani atashangaa ni makala gani hayo yanayojazwa maguniani. Haifai kuchagua lahaja moja kwa ubishi. Maelezo huandikwa kwa ajili ya msikilizaji aliyekusudiwa, na wageni wanapotarajiwa, maneno mawili matatu ya ufafanuzi yanatosha.

Maandishi yaliyochorwa ndani ya picha, kama vile namba ya simu katika bango, hayana budi kurudiwa yote katika maelezo. Picha ya pambo tu huachiwa nafasi tupu ili programu iipite. Kuanza na maneno “picha ya” si lazima, maana programu imekwisha kusema hivyo.

Jambo la mwisho ni sauti yenyewe. Programu ya eSpeak NG, inayotumiwa na kisoma-skrini cha bure kiitwacho NVDA, hutamka Kiswahili, lakini ukurasa unapaswa kutaja lugha yake ili matamshi yafuate. Msimbo wa jumla wa Kiswahili ni sw. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake wa kimataifa, swc, ambao haupatikani katika kila programu, kwa hiyo ule wa kwanza ndio wa kutegemewa zaidi. Vifupisho vya Kifaransa vilivyozoeleka, kama CTE, ni bora viandikwe kwa urefu: kituo cha matibabu ya Ebola.