Mguu Uliokataa Amri Ukaitika Pembe

Tulikwenda Kisumu kuhudhuria arusi, wala hatukuwa na nia ya kutafuta habari za tiba. Shangazi yetu, ambaye wazee wake waliifuata reli iliyofika ziwani mwaka 1901, alikuwa amepatwa na kiharusi miezi minne kabla ya safari yetu. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala. Tulimkuta kitini karibu na dirisha, amefunikwa kanga mapajani, na wanawe wamemzunguka kwa mapenzi makubwa: huyu akimlisha, huyu akimnywesha, huyu akimbeba kumpeleka msalani. Tuliwasifu sana kwa wema huo. Siku mbili baadaye tulifahamu kuwa tulikuwa tumesifu kosa.

Aliyetufahamisha ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke mwenye subira, aliyekuwa akija nyumbani mara mbili kwa wiki. Kiungo kisichotumiwa, alisema, ubongo hukisahau. Na mgonjwa anayebebwa kila saa hufundishwa kubebwa. Lakini mazoezi nayo yalikuwa mazito. “Inua mguu, Mama.” Shangazi aliutazama mguu wake kama mtu anayemtazama mtoto mkaidi wa jirani. Mguu haukwenda.

Usiku wa kuamkia arusi wanawake walikusanyika uani, wakapiga vugo, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti na kuimbiwa, ambazo jamaa walizichukua kutoka Pwani. Shangazi alisogezwa mlangoni ili asikie. Mjukuu wake, aliyekaa sakafuni karibu na miguu yake, ndiye aliyeona: kisigino cha kulia kilikuwa kinagonga sakafu. Kidogo mno, lakini kwa mapigo yale yale ya pembe.

Tulidhani tumeona muujiza. Mtaalamu alipoelezwa hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama nyumba ile ina tari.

Sababu yake inajulikana. Kiharusi huharibu sehemu ya ubongo, na amri ya hiari, ile ya “sasa ninainua mguu”, huenda isifike inakotakiwa. Lakini sauti yenye mapigo sawasawa haiishii masikioni. Huziamsha pia sehemu za ubongo zinazopanga mwendo, na kwa kuwa sikio hutambua mapema pigo lijalo litaangukia wapi, mwili nao hujitayarisha kabla ya pigo hilo. Mwaka 1997 Michael Thaut na wenzake, huko Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafunza wagonjwa wa kiharusi kutembea kwa kufuata mapigo: mwendo wao na urefu wa hatua zao uliongezeka kuliko wa wale waliofunzwa bila mapigo. Kwa wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao miguu yao huganda ghafla kama iliyogundishwa sakafuni, kundi la wachezaji la Mark Morris lilianzisha madarasa ya dansi huko Brooklyn mwaka 2001, na utaratibu huo umeenea nchi nyingi. Kuna pia fani yenye jina la tiba ya dansi, ambayo Marian Chace aliianzisha katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths, Washington, mwaka 1942. Hiyo huanza na nafsi, ilhali shida ya shangazi yetu ilikuwa kisigino. Ijapokuwa, tukisema kweli, hatujui mahali ambapo kisigino hukoma na nafsi huanza.

Watu wa ziwani wasingehitaji kuelezwa haya kwa urefu. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hukaa chini na chombo chake cha nyuzi 8, amevaa njuga za gara mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu, naye huigongesha pete hiyo kwenye chombo huku vidole vya mikono vikicharaza. Mguu wake ndio ngoma yake. Nasi tunayo lelemama ya bibi zetu, yenye miondoko midogo ya mikono na mabega, ambayo mtu aweza kuifuata akiwa amekaa.

Kaka mkubwa wa nyumba hakupendezwa. “Mgonjwa anachezeshwa ngoma?” aliuliza, na swali lake halikuwa la kijinga. Wanazuoni wametofautiana katika mambo ya ala na ngoma, na jarida hili si mahali pa kutoa fatwa. Tulimkumbusha tu habari mashuhuri ya Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini Madina, mbele ya Mtume, rehma na amani zimshukie, na Bi. Aisha akiwatazama. Kisha mtaalamu akaumaliza ubishi kwa njia nyepesi: anayeona uzito wa tari na apige makofi, au ahesabu kwa sauti, au agonge kijiti juu ya meza. Sikio halidai ala. Linadai mapigo yasiyoyumba.

Wakaanza asubuhi ile ile, chumbani, wanawake watupu. Kwanza akiwa amekaa, kisigino juu, kisigino chini. Kisha kusimama akishika ukingo wa kitanda na kuhamisha uzito, kulia, kushoto. Siku ya tatu vijana walilichangamsha tari kupita kiasi, goti la shangazi likakunjika, na lau si mkono wa mjukuu angeanguka. Tangu hapo mtaalamu aliweka sharti: mapigo yaanzie kwenye mwendo wa mgonjwa mwenyewe, hata ukiwa wa polepole namna gani, na yaongezwe kidogo kidogo. Msaidizi husimama upande uliopooza, akimshika kwa mshipi wa kiunoni na si kwa kumvuta mkono, kwani bega la upande huo huteguka kwa urahisi. Shinikizo la damu hupimwa kabla, na kizunguzungu au maumivu ya kifua ni alama ya kuacha mara moja na kumwita daktari. Tuliuliza kama miezi minne si kuchelewa. Aghalabu nafuu kubwa huja katika miezi 3 ya mwanzo, alijibu, ila mlango haufungwi siku ya tisini.

Tulirudi tena Kisumu majuzi. Shangazi hutoka kitini hadi mlango wa uani kwa mkongojo, na humwambia mjukuu wake aondoke njiani. Mkono bado. Hujaribu kuishika pembe, ikamponyoka, akaagiza aokotewe. Na tari likienda mbio humgeukia mpigaji: “Taratibu, mwanangu. Bibi arusi si mimi.”