Furu, Mbuna na Jamaa Zao: Kuwatambua na Kuwaweka Pamoja Tangini

Perege wa mabwawani, furu wa Ziwa Victoria, kuhe wa Ziwa Tanganyika na mbuna wa Ziwa Nyasa ni samaki wa ukoo mmoja. Wataalamu wa elimu ya wanyama huuita ukoo huo Cichlidae, na kila samaki wake huweza kuitwa sikilidi. Hapana mahali duniani ambapo ukoo huu umegawanyika katika spishi nyingi kama katika maziwa haya matatu. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200, Ziwa Nyasa zaidi ya 500, na Ziwa Victoria hukadiriwa kuwa lilikuwa na zipatazo 500 kabla ya misukosuko ya karne iliyopita. Sehemu kubwa ya spishi hizo haipatikani mahali pengine popote.

Kwa sababu ya rangi na tabia zao, samaki hawa hufugwa katika matangi ya kioo majumbani na katika maabara za shule. Lakini mfugaji asiye na uzoefu mara nyingi huwachagua kwa rangi tu. Baada ya majuma machache hukuta mmoja amekufa, wa pili mapezi yameraruka, na wa tatu amejibanza pembeni asithubutu kula. Hayo si mambo ya bahati mbaya, bali ni matokeo ya kuwakusanya pamoja viumbe ambao hawakutambuliwa kwanza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kumtambua sikilidi, na jinsi utambuzi huo unavyoamua nani awekwe na nani.

ALAMA ZA UKOO

Ziko alama nne ambazo zikionekana pamoja humhakikishia mtazamaji kwamba samaki aliye mbele yake ni sikilidi. Kwanza, ana tundu moja tu la pua kila upande wa uso, hali samaki wengi wengine wana mawili. Pili, pezi la mgongoni ni moja refu. Sehemu yake ya mbele ina miiba migumu na ya nyuma ni laini. Tatu, mstari wa ubavuni, ambao humwezesha samaki kuhisi mitikisiko ya maji, umekatika vipande viwili: kipande cha mbele hupita juu, na cha nyuma hupita chini yake kuelekea mkiani.

Alama ya nne haionekani mpaka samaki apasuliwe. Sikilidi ana mataya ya namna mbili. Yale ya mdomoni hukamata chakula, na mengine yaliyo kooni hukisaga. Kwa kuwa kazi ya kusaga hufanywa kooni, mataya ya mdomoni yamekuwa huru kubadilika kwa vizazi vingi: mengine yakawa ya kukwangua mwani, mengine ya kufyonza wadudu mchangani, mengine ya kunasa samaki. Wataalamu wengi huona kuwa hii ni sababu mojawapo ya wingi wa spishi. Wanafunzi wanaweza kuyaona mataya ya kooni kwa kumpasua perege aliyenunuliwa sokoni.

RANGI HUDANGANYA

Kuitambua spishi yenyewe ni kazi ngumu zaidi. Katika Ziwa Nyasa yuko mbuna aitwaye Melanochromis auratus. Jike ni wa manjano mwenye milia myeusi, lakini dume anayetawala huwa mweusi mwenye milia iliyofifia. Asiyejua huwadhani spishi mbili. Kinyume chake, samaki wa jenasi Tropheus katika Ziwa Tanganyika huwa na rangi tofauti kutoka ufuko mmoja hadi mwingine, ingawa mara nyingi ni wa spishi moja. Zaidi ya hayo, dume aliyeshindwa vitani hufifia, na hurudisha rangi zake mara apatapo ushindi.

Kwa hiyo rangi isichukuliwe peke yake. Yafaa kuchunguza umbo la kichwa, mahali mdomo ulipo, idadi na mwelekeo wa milia, na alama zilizo kwenye mapezi. Muuzaji aulizwe ziwa na, ikiwezekana, ufuko alikotoka samaki. Jina la kisayansi na mahali hapo viandikwe katika daftari la tangi. Jambo hilo likishafanyika, mfugaji anaweza kujiuliza maswali manne.

AMETOKA MAJI GANI?

Ukali wa asidi au alkali ya maji hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho 7 humaanisha maji yasiyoelemea upande wowote. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH iliyo karibu na 9, tena yana madini mengi. Yale ya Ziwa Nyasa yako karibu na 8. Sikilidi wengi wa bonde la mto Amazon, kwa upande mwingine, wamezoea maji laini yenye asidi. Haifai basi kumweka sikilidi wa Amazon pamoja na yule wa Tanganyika, hata kama wote wawili ni wapole, kwa maana maji yanayomfaa mmoja humdhoofisha mwingine.

Kwa samaki wa maziwa yetu, mawe ya chokaa tangini husaidia kuhifadhi hali ya alkali. Lakini mwalimu akumbuke kwamba amonia itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula huwa na sumu kali zaidi katika maji ya alkali. Chujio ni la lazima, na robo ya maji yabadilishwe kila juma. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi.

ANAKULA NINI?

Tropheus hukwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kama ilivyo kwa wala majani wengi. Akilishwa nyama mara kwa mara huvimba tumbo na kufa. Cyphotilapia frontosa wa ziwa hilohilo hula samaki wadogo, na akikua huzidi sentimita 30. Wawili hawa wakiwekwa pamoja, hakuna chakula kitakachowafaa wote. Naye samaki mwembamba wa jenasi Cyprichromis akiwekwa na frontosa aliyekomaa, yeye mwenyewe huwa chakula.

Wapo pia wasiofaa kuwekwa na samaki mwingine yeyote. Perissodus microlepis hujilisha kwa kunyofoa magamba ya wenziwe wangali hai. Mdomo wake umepinda kushoto au kulia, na hushambulia ubavu unaoelekeana na upindo huo. Tabia hiyo ilielezwa na mtafiti wa Kijapani Michio Hori mwaka 1993.

ANALINDA NINI?

Sikilidi wengi hulinda mahali pao, hasa wakati wa kuzaa. Neolamprologus multifasciatus, ambaye hazidi sana sentimita 4, huishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Kundi dogo lao hutosheka na tangi la urefu wa sentimita 60 lenye mchanga na makombe mengi kuliko idadi yao. Neolamprologus brichardi naye huonekana mpole dukani, lakini jozi moja ikianza kuzaa, watoto wakubwa huwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Baada ya miezi michache ukoo huo huweza kulimiliki tangi zima na kuwafukuza wengine wote.

Mbuna wanahitaji nafasi kubwa zaidi. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 huchukua lita 243 likijazwa pomoni, na hapo mawe hayajawekwa. Mawe yapangwe yawe na mapango mengi, na kila dume awe na majike matatu au zaidi, ili ukali wake usimwangukie mmoja. Mgeni akiingizwa, mawe yapangwe upya. Wenyeji wakipoteza mipaka yao huanza wote sawa naye.

NI NDUGU WA NANI?

Methali husema ndege wafananao huruka pamoja. Kwa samaki hawa mara nyingi mambo huwa kinyume. Dume humshambulia zaidi yule anayefanana naye, kwa kuwa ndiye mshindani wake. Kwa sababu hiyo madume wa spishi mbalimbali wawe na rangi na milia inayotofautiana.

Kufanana kwa majike kuna hatari nyingine. Katika visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wamo furu wawili wa jenasi iliyopewa jina la Kiswahili, Pundamilia. Dume wa Pundamilia pundamilia ana rangi ya buluu. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ana mgongo mwekundu. Majike wao karibu hawatofautiani. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998, majike walichagua madume wa spishi yao chini ya mwanga mweupe. Walipowekwa chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, uliofuta tofauti ya buluu na nyekundu, hawakuweza tena kuchagua. Kwa kuwa machotara wao huzaa, mpaka kati ya spishi mbili huweza kufutika. Watafiti walikwisha onyesha mwaka 1997 kwamba jambo la namna hiyo hutokea ziwani penyewe, pale maji yanapochafuka na mwanga kushindwa kupenya.

Hivyo spishi za karibu zisiwekwe tangi moja, hasa asipokuwapo dume wa mojawapo, na taa iwe nyeupe. Vifaranga vya machotara visigawiwe kwa wafugaji wengine kwa jina la mzazi mmoja.

WAJIBU WA MFUGAJI

Sangara walipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na walipoongezeka kwa ghafla katika miaka ya 1980 furu wengi walitoweka. Baadhi ya walioadimika wamehifadhiwa kizazi hadi kizazi katika matangi ya Ulaya na Marekani. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kila kundi lilijulikana jina lake na lilitengwa na ndugu zake. Samaki waliochanganyika hawana tena faida hiyo.

Historia hiyohiyo yaonya kwamba samaki wa tangini asitupwe mtoni wala ziwani, hata akiwa amechosha au amezidi. Apewe shule nyingine au mfugaji mwingine, pamoja na nakala ya ukurasa wake wa daftari. Kwa shule inayoanza, yafaa tangi la kwanza liwe la spishi moja tu. Wanafunzi wachore alama za samaki wao, wapime pH kila juma, na waandike nani anamfukuza nani. Wakishazijua tabia za spishi hiyo, ndipo waamue kama yupo mwingine wa kuwekwa naye.