Tuulize Kwanza Kabla ya Kumtahiri Mtoto

Ndugu Waislamu, kila tuletewapo habari ya tohara, huwauliza wazazi: je, yupo mjomba au kaka wa mtoto huyu aliyewahi kutokwa na damu isiyokatika? Baadhi hushangaa kuulizwa upande wa mama. Himofilia ni maradhi ya kurithi; mwili hukosa protini ya kugandisha damu. Mama huibeba kasoro hiyo, mara nyingi bila mwenyewe kuugua, na kila mwanawe wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuipata. Basi asilaumiwe, wala asitafutwe mchawi.

Tabibu az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wake wakijeruhiwa hutokwa na damu hadi kufa. Naye Ibn Qudama, katika al-Mughni, asema mtu mzima aliyesilimu akiihofia nafsi yake, tohara humwondokea. Sembuse mtoto mchanga!

Penye shaka, ngariba asubiri. Damu ipimwe hospitalini, na ikithibitika, mtoto atahiriwe huko huko, akidungwa ile protini kabla na baada ya kukatwa. Kuchelewesha si kuacha. Na maumivu yakimzidi, asipewe aspirini. Huzidisha kutoka damu.