Siku Niliyopanda Semi na Shemeji

Mdogo wangu ana ndoa ya miaka miwili na wivu wa miaka ishirini. Nampenda, lakini ukweli usemwe. Kwa hiyo mumewe, baada ya kuzungusha bahasha maofisini miaka mitatu na digrii yake ya biashara, alipotamka kwamba anataka kuwa dereva wa malori ya Zambia, nyumba haikukalika.

"Dada, madereva wa malori si tunawajua? Kila penye mizani wana mke!"

Sikumjibu, maana na mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Shemeji alishapata leseni daraja E. Zilibaki safari za mafunzo chini ya dereva mzoefu, kisha tajiri aamue kama atampa gari, na mdogo wangu aamue kama atakubali. Nikatumwa niende naye siku moja, nikaone. Kwa Kiswahili chepesi, nikapeleleze. Tajiri aliruhusu akidhani natafuta makala tu. Haya, makala ndiyo hii.

Tulitoka Kibaha saa kumi na moja alfajiri, na mbolea tani 28 kwenye tela. Ndani ya kichwa tulikuwa wanne: Mzee, yaani dereva mwalimu, shemeji kwenye usukani, utingo, na mimi nimejikunja kwenye kitanda cha nyuma ya viti, juu ya godoro linalonuka dizeli. Kabla gari halijaondoka Mzee alinyoosha mkono bila kusema kitu. Shemeji akampa simu, ikafungiwa kwenye droo ya dashibodi.

"Gari likitembea, simu inalala," Mzee aliniambia.

Msomaji, nilikumbuka kesi ngapi nilizopigiwa usiku wa manane: "Dada, saa tatu nzima hapokei!"

Vigwaza tulikuta foleni ya mizani. Nilidhani ni kupima na kupita. Kumbe hata kama uzito wote uko chini ya tani 56, ambazo ndiyo kikomo kwa nchi za Afrika Mashariki, bado kila ekseli inapimwa kivyake. Ukikanyaga breki kwa pupa mzigo ukasogea, ekseli moja inaweza kuzidi, na hapo mtapaki pembeni. Ndiyo maana Mzee alikuwa akimfokea kama mtoto wa darasa la pili.

Chalinze tulipata chai na chapati, dakika kumi. Droo ikafunguliwa: simu saba hazijapokelewa. Alimpigia mkewe chapati ikiwa mdomoni. "Niko Chalinze... Niko na dada yako, si umuulize?" Mimi nikajifanya natazama mananasi.

Morogoro tuliipita. Mikumi jua lilikuwa la utosi na joto la injini linatupikia miguu. Barabara inakatiza hifadhini kilomita kama 50, mwendo wa mwisho mchana ni 70. Tembo walikuwa wanatembea pembeni kwa mstari, mama na watoto. Nikatoa kamera nikipiga kelele kama mtalii. Shemeji hakugeuza shingo. Macho yake yalikuwa kwenye vioo: kushoto, kulia, mbele, kushoto. Alikuwa hajasema neno kwa zaidi ya saa moja. Mdogo wangu hulalamika kwamba akirudi safari anakaa kimya, eti maneno yote kayaacha kwa mwingine.

Saa kumi na moja jioni tulifika Ruaha Mbuyuni, wauza vitunguu wakatuzunguka. Mzee hakununua. Alikuwa anatazama mlima wa Kitonga.

"Unapanda?"

"Naweza, Mzee."

"Sijakuuliza kama unaweza. Gia gani?"

"Nzito, kabla ya kona ya kwanza. Na sibadilishi."

Kitonga ukiwa ndani ya basi unafumba macho, unafika. Ndani ya semi lenye mzigo unapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukuta wa mwamba upande huu, korongo upande ule. Utingo alikaa mlangoni na kipande cha gogo mapajani. Kona ya tatu, lori la mbele yetu likasimama. Shemeji akashika breki. Tani zote zile zikatuvuta nyuma.

Mzee hakugusa usukani. Alikalia mikono yake.

Lori la mbele lilipoondoka, shemeji akaachia klachi taratibu. Gari likarudi nyuma hatua moja, utingo akaruka na gogo lake, na hapo hapo droo ikaanza kunguruma. Mdogo wangu! Hakuna aliyeitazama. Injini ikalalamika, ikashika, tukapanda.

Ilula tulipaki usiku. Simu kumi na moja. Shemeji akapiga, akasema, "Nimepanda Kitonga," akalala palepale, simu sikioni. Nikaichukua.

"Mbona kanyamaza? Kuna nani hapo?"

"Niko mimi. Kalala na viatu."

Ningependa kuishia hapo, lakini nilitumwa kupeleleza. Baadaye binti mmoja aligonga mlango wa gari. Mzee akamwambia aende. Nilimuuliza kama huwa ni hivyo siku zote.

"Siku moja siyo kipimo, binti yangu. Leo kachoka. Ngoja akae foleni Tunduma siku nne, hana kazi, posho ipo mfukoni. Miaka ya 1990 nimezika wenzangu wengi wa barabara hii, na walikuwa na wake wazuri tu."

Nilimsimulia mdogo wangu vyote, kuanzia droo mpaka mlango uliogongwa. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani vocha imeisha. Akaniuliza kama Kitonga lile lori lilirudi nyuma kweli. Nikamwambia kweli, hatua moja.

Saa kumi alfajiri semi likaondoka, mimi nikabaki nangoja basi la kurudi Dar. Ujumbe wake ukaingia: "Dada, mwambie akifika Makambako anipigie. Mimi sipigi."