Je, kumtegemea Mungu ni kukaa na kusubiri?

Maneno "Mungu atatoa" yamekuwa mepesi sana midomoni mwetu. Utayasikia ndani ya basi, sokoni, msibani, na zaidi makanisani. Mwenye nyumba akidai kodi, Mungu atatoa. Shule zikikaribia kufunguliwa na ada haipo, Mungu atatoa. Mimi ni Mkristo na maneno hayo nayakubali kwa moyo wote, kwani yanatoka katika kitabu cha Mwanzo sura ya 22, pale Ibrahimu alipomwona kondoo dume amenaswa kichakani. Lakini nimekuwa nikijiuliza tunamaanisha nini tunapoyasema, hasa tukimwambia mtu mwenye shida.

Kuna mama mmoja tunayesali naye hapa Kigali, muuza nyanya na vitunguu. Miaka michache iliyopita alialikwa kwenye mkutano wa maombi, si wa kanisa letu, akaambiwa apande mbegu ya imani nayo itamrudia mara mia. Alitoa mtaji wake wote. Wiki iliyofuata meza yake ilikuwa tupu na mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Alipowafuata wale wahubiri, walimjibu kwamba imani yake ilikuwa haba. Jibu hilo linanikasirisha mpaka leo, kwa sababu linachukua fedha ya maskini kisha linamwongezea na hatia juu yake.

Sasa fungua Wafalme wa Pili sura ya 4. Yuko mjane aliyeachiwa deni na marehemu mumewe, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumwomba sadaka. Alimuuliza ana nini nyumbani, akasema ana chupa ndogo ya mafuta tu. Akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, tena vingi. Muujiza ulipokwisha, akamwagiza akauze mafuta, alipe deni, yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Tazama jinsi mambo yalivyochanganyika: Mungu yumo, majirani wamo na vyombo vyao, soko limo, na mdai analipwa. Majirani wale wangefunga milango, mafuta yangemiminwa wapi? Kwetu akina mama walichangishana kidogo kidogo mpaka yule muuza nyanya akanunua tenga la kwanza. Hakuna aliyetoa ushuhuda jukwaani kwa jambo hilo, na labda ndiyo sababu nalipenda.

Mtu mwingine anayenifundisha katika jambo hili ni George Müller, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1805 na kuhamia Bristol, Uingereza, mwaka 1832. Tangu 1830 alikuwa amekataa mshahara maalumu wa uchungaji. Mwaka 1836 alifungua nyumba ya kulelea yatima, akaamua hatamwomba mtu yeyote fedha wala kukopa, ila atamwambia Mungu peke yake. Kabla ya kufa mwaka 1898 alikuwa amelea yatima zaidi ya 10,000, na nyumba zake tano kubwa za Ashley Down ziliweza kuchukua watoto 2,050 kwa wakati mmoja. Kuna siku za Septemba 1838 ambapo fedha zilikwisha kabisa. Kisha akaja mwanamke mmoja na fedha alizotumwa kutoka London, kumbe alikuwa Bristol siku kadhaa, amepanga karibu na nyumba zile zile za yatima! Riziki ilikuwa jirani siku zote hizo.

Wengi husimulia habari zake na kuishia hapo. Mimi napenda zaidi ile ya boila. Mwishoni mwa mwaka 1857, boila la kupasha joto nyumba ya kwanza, yenye watoto 300, lilianza kuvuja. Kulitengeneza kulihitaji kuzima moto na kubomoa matofali, tena baridi inakuja. Müller alipanga siku na mafundi, kisha upepo mkali wa kaskazini ukaanza kuvuma. Aliomba mambo mawili: upepo ugeuke uwe wa kusini, na mafundi wapewe moyo wa kazi kama watu wa Nehemia. Siku ilipofika upepo ulikuwa wa kusini, na mafundi wenyewe wakasema watafanya kazi usiku kucha. Aliomba, lakini mafundi alikuwa ameshawaita.

Tena aliweka hesabu za kila senti na kuzichapisha katika taarifa ya kila mwaka. Wako wanaosema taarifa zile nazo zilikuwa namna ya kuomba msaada, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo ningetamani sana kuona vitabu vya hesabu vya wale wanaokusanya "mbegu" siku hizi.

Linabaki swali gumu: vipi kwa wanaoomba wasipate? Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 4, aliwakumbusha watu wa Nazareti kwamba wakati wa njaa ile ya Elia wajane walikuwa wengi Israeli, lakini nabii alipelekwa kwa mmoja tu, tena mgeni wa Sarepta. Hakusema wale wengine walikosa imani. Ndiyo maana sithubutu kumpima mtu imani kwa sufuria yake. Müller naye alimzika mwanawe mdogo, Elijah, mwezi Juni 1835, mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache. Miezi kumi hivi baadaye, katika mtaa wa Wilson, aliwafungulia mlango wasichana yatima wa kwanza.