Kuisoma Meza ya Churaskaria: Mlo wa Nyama wa Kibrazili kama Matini

Mlo, kama ilivyo matini yoyote ya fasihi, huwa na kanuni zake. Anayezijua kanuni hizo hufaidi; asiyezijua hushiba kabla ya wakati na kuondoka akiwa amelipia asichokionja. Ukweli huu hudhihirika waziwazi katika churaskaria, yaani mkahawa wa Kibrazili wa nyama choma, hususan ule wa hadhi ya juu. Makala haya yananuia kueleza asili ya mlo huo, utaratibu wake na ishara zinazouendesha. Aidha, yanachunguza jinsi msamiati wa Kiswahili unavyoweza kuubeba.

Asili ya Churasko

Churasko ni nyama iliyochomwa juu ya moto wa kuni au makaa. Chimbuko lake ni mbuga za Pampa, eneo linalojumuisha jimbo la Rio Grande do Sul, kusini mwa Brazili, pamoja na sehemu za Uruguay na Argentina. Ng'ombe si wanyama wa asili wa huko. Waliletwa na Wazungu, na katika karne ya 17 misheni za Wajesuti ziliwafuga kwa wingi. Baadaye mifugo mingi ilizagaa mbugani ikawa kama wanyama wa mwitu. Waliowasaka na kuwachunga ng'ombe hao ni wapanda farasi walioitwa gaucho, watu wenye damu mseto ya Wahispania, Wareno, wenyeji wa asili na Waafrika. Kwa muda mrefu ngozi ndiyo iliyokuwa na soko, ilhali nyama ilikuwa tele. Gaucho alichimba shimo, akawasha kuni, akachomeka pande la nyama kwenye kijiti na kulitia chumvi ya mawe tu. Kwa hivyo, chakula ambacho leo huliwa kwa kitambaa cheupe mezani kilianza kama riziki ya mchungaji asiyekuwa na meza.

Hata hivyo, historia ya nyama katika jimbo hilo haiishii kwa mchungaji. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, mji wa Pelotas uligeuka kuwa kitovu cha utengenezaji wa charke, yaani nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa juani. Kazi hiyo nzito ilifanywa na Waafrika waliotiwa utumwani, na sehemu kubwa ya charke ilisafirishwa kwenda kuwalisha watumwa wengine katika mashamba ya maeneo mengine ya Brazili. Biashara hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kiasi kwamba malalamiko kuhusu ushuru wake yalichangia kuzuka kwa vita vya Farroupilha, vilivyopiganwa kutoka mwaka 1835 hadi 1845. Utumwa haukukomeshwa Brazili hadi mwaka 1888.

Utaratibu wa Mlo

Churaskaria nyingi hufuata mtindo uitwao rodizio, neno la Kireno lenye maana ya mzunguko au zamu. Mteja hulipa bei moja isiyobadilika, kisha huletewa nyama mpaka atosheke. Vinywaji na vitindamlo kwa kawaida hulipiwa kando. Mtindo huu umevuka mipaka ya Brazili. Mathalan, Fogo de Chão, mkahawa ulioanzishwa Porto Alegre mwaka 1979, ulifungua tawi lake la kwanza nchini Marekani mwaka 1997 katika eneo la Dallas, na tangu hapo umeenea katika miji mingi.

Mlo huanzia kwenye meza ya saladi, jibini na mboga. Mezani huletwa pia vimkate vidogo vya jibini vilivyopikwa kwa wanga wa muhogo. Kisha wahudumu, ambao katika mikahawa mingi huvaa suruali pana, buti na skafu za kigaucho, hupita meza baada ya meza wakiwa na vyuma virefu vya mishikaki na visu vikali. Mhudumu husimamisha chuma mezani, hukata ubale mwembamba wa nyama, na mlaji huushika kwa koleo dogo kabla haujaanguka.

Mpangilio huu una mantiki ya kibiashara. Mkate, soseji na mapaja ya kuku hushibisha haraka na gharama yake ni ndogo. Nyama zinazothaminiwa zaidi ndizo zenye gharama. Mlaji anayejaza sahani mapema humpunguzia mwenye mkahawa mzigo. Anayesubiri huipata pikanya, fahari ya churasko: kipande cha juu ya paja la nyuma, chenye tabaka la mafuta upande mmoja, kinachokunjwa kama herufi C na kutungwa kwenye chuma. Hapa methali isemayo subira huvuta heri hupata maana ya moja kwa moja.

Ishara Mezani

Jambo linalomvutia mwanafunzi wa semiotiki ni kadi ndogo ya duara inayowekwa mbele ya kila mlaji. Upande mmoja ni wa kijani na mwingine ni mwekundu. Kijani humwalika mhudumu, wekundu humzuia. Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba uhusiano baina ya kiashiria na kiashiriwa ni wa kinasibu, na kadi hii ni mfano mzuri: hakuna chochote katika rangi nyekundu chenye maana ya shibe. Maana hiyo imetokana na makubaliano, na yamkini imerithiwa kutoka kwa taa za barabarani. Ithibati ya unasibu huo ipo hapa nchini. Mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980 na ambao huandaa nyama kwa mtindo unaokaribiana na huu, hutumia bendera ndogo mezani. Mlaji akiilaza bendera, amesalimu amri. Ujumbe ni ule ule, ila kiashiria ni kingine.

Isitoshe, kadi hiyo hutekeleza tendo la usemi pasipo neno kutamkwa. Katika nyumba ya Mswahili, kukataa chakula ni kazi inayohitaji adabu. Mwenyeji husisitiza, mgeni hushukuru, husema ameshiba, pengine huonja kidogo ili asimvunjie mwenyeji heshima. Majibizano hayo ndiyo yanayojenga ukarimu. Katika churaskaria, kadi imeyafuta. Mlaji hageuzi maneno, anageuza duara, na mhudumu hupita bila kinyongo. Hili linawezekana kwa sababu anayeketi pale, hata akiitwa mgeni, ni mteja. Mgeni huwa na deni la shukrani; mteja huwa na bili.

Kiswahili na Msamiati wa Mlo Huu

Wapo wanaodhani kuwa mlo wa kigeni hauna budi kuelezwa kwa lugha ya kigeni. Dai hili halina mashiko. Kiswahili kina sarara, kidari, mbavu, maini na mshikaki. Mfano bora zaidi ni nyama ambayo Wabrazili huiita cupim. Hii ni nundu ya ng'ombe wa aina ya zebu, ambao Brazili iliwaagiza kutoka India katika karne ya 19. Kwa Kireno, neno hilo humaanisha pia mchwa. Nundu imefananishwa na kichuguu. Mswahili hahitaji sitiari hiyo, kwa kuwa zebu wamekuwa katika malisho ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi na neno nundu limekuwapo. Panapokosekana neno, kama ilivyo kwa pikanya, utohozi hutosha.

Kadhalika, farofa, unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi na kunyunyiziwa nyama, si mgeni kamili kwa msomaji wa pwani. Muhogo ni zao la Amerika Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika kuanzia karne ya 16.

Tamati

Imebainika kwamba churaskaria ni matini yenye msimulizi anayechagua la kusema. Vazi la gaucho humsimulia mchungaji huru mbugani. Halimtaji Mwafrika aliyekausha nyama Pelotas. Msomaji makini wa fasihi huuliza ni nani aliyenyamazishwa katika hadithi. Swali hilo hilo lina nafasi yake mezani, hata kadi ikiwa bado ni ya kijani.